Kimeng'enya kisichojua mpaka wa Sirari

Kitambo sijaweka kitu hapa. Tesiti zimetubana, bumu nalo mnajua habari zake, basi tuyaache hayo. Leo nawaletea historia, ila siyo ile mliyoizoea ya vita, machifu na wakoloni. Ni historia ya kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hata ile darubini ya maabara ya sekondari haikioni. Kinaitwa kimeng'enya. Wengine mnasema enzaimu, sawa tu.

Msiogope jamani, mimi nasoma historia, siyo baolojia. Imekuja hivi: kwenye kozi ya historia ya tiba Afrika Mashariki tumetakiwa kila mtu aandike habari ya ugonjwa mmoja akianzia kwao. Kwetu ni Sirari. Ugonjwa wa kuanzia nao Sirari hauhitaji kutafutwa, ni malaria. Nilipoanza kusoma nikakuta jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani wala nyumbani, na naona halipaswi kuishia kwenye faili la mhadhiri.

Kwa wasiopajua: Sirari ni mji wa mpakani, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Ukitoka Mwanza unapita Musoma, unapita Tarime, mwisho wa Tanzania ndiyo pale. Ukivuka unaingia Isebania, Kenya, na barabara inaendelea Migori hadi Kisii. Wakurya tuko pande zote mbili. Mtu ana shangazi kule, shamba huku, ng'ombe sijui wapi. Asubuhi unauza ndizi upande mmoja, jioni unanunua sukari upande mwingine. Mpaka upo, tena una askari, ila maisha yanaupita kila siku.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1998 Kenya iliamua kuacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP. SP ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, sulfadoksini na pirimethamini, na wazazi wetu wengi wanaijua kwa jina la Fansidar. Tanzania tulibaki na klorokwini hadi Agosti 2001. Maana yake ni kwamba kwa kama miaka mitatu, mtoto mwenye homa akipelekwa zahanati upande wa Sirari, mwongozo wa serikali ulisema apewe klorokwini. Mtoto yuleyule akipelekwa ng'ambo, mwendo wa miguu tu, mwongozo ulisema SP. Mbu mmoja, vimelea vilevile, dawa mbili tofauti kwa sababu ya bendera.

Siyo kwamba SP haikuwepo kabisa kwetu. Ilikuwepo kama dawa ya akiba, na kwenye maduka ya dawa baridi watu walinunua hiyo au ndugu yake Metakelfin. Mama yangu anasema siku hizo ushauri wa majirani ulikuwa mmoja tu: klorokwini ikishindwa, tafuta Fansidar, hata kama ni kuvuka. Na klorokwini ilikuwa inashindwa kweli. Usugu wake ulishaonekana Afrika Mashariki tangu mwisho wa miaka ya 1970, na hadi miaka ya 1990 inaisha watoto walikuwa wanameza dawa chungu, wanawashwa mwili mzima, na homa inarudi palepale.

Kwa hiyo mwaka 2001 SP ilipokuja rasmi ilikuwa kama mkombozi. Mkombozi huyo alidumu muda gani? Kenya ilitangaza mwaka 2004 kwamba inaachana nayo, na dawa mseto zikaanza kusambazwa mwaka 2006. Tanzania tukaingia kwenye dawa mseto, ile ALu, mwishoni mwa 2006 kuelekea 2007. Hesabu wenyewe. Klorokwini ilitumika nusu karne. Kwetu SP haikumaliza miaka sita.

Swali langu la essei likawa hilo: kwa nini SP ilikufa haraka hivyo? Na jibu liko ndani ya kimeng'enya.

Bahati nzuri chumbani naishi na jamaa wa famasia. Tukakaa kwenye vimbweta jioni moja akanichorea mpaka nikaelewa. Nawapa kama nilivyomwelewa.

Kila chembe hai ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yake. Kwenye kazi hiyo inahitaji msaidizi anayeitwa foleti. Foleti ni koenzaimu, yaani yenyewe siyo fundi, ni saidia fundi. Kazi yake ni kubeba kipande kidogo chenye kaboni moja na kumkabidhi fundi mahali panapohitajika. Saidia fundi huyu akikosekana, ile herufi T ya DNA haitengenezwi. Herufi ikikosekana, DNA haikamiliki. DNA isipokamilika, chembe haizaliani. Kazi inasimama.

Sisi binadamu hatuwezi kutengeneza foleti kuanzia mwanzo. Tunaila. Iko kwenye mchicha, mnafu, mgagani, maharage, maini. Hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa sababu mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliitoa kwenye mzigo mkubwa wa spinachi. Kimelea cha malaria chenyewe kina uwezo ambao sisi hatuna: kinajipikia foleti yake kikiwa ndani ya damu yetu. Na jikoni kwake kuna wapishi wawili tunaowahitaji kwenye hadithi hii. Wa kwanza ni kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi DHPS. Kinachukua kitu kimoja kinaitwa pterini, kinakiunganisha na kingine kinaitwa PABA. Wa pili ni DHFR, anayekamilisha hatua ya mwisho ili foleti iwe tayari kwa kazi.

SP inawapiga wote wawili. Sulfadoksini ina umbo linalofanana na PABA, kwa hiyo DHPS anaipokea akidhani ni malighafi, kumbe kapewa tofali la bandia, ujenzi haundelei. Pirimethamini inaingia kwenye tundu la DHFR na kuliziba. Sisi DHPS hatuna kabisa. DHFR tunayo, ila yetu haishikwi na pirimethamini kama inavyoshikwa ya kimelea. Ndiyo maana dawa inamuua yeye na kutuacha sisi. Mkitaka mfano wa nyumbani, septrini inafanya mchezo uleule kwa bakteria: dawa mbili, wapishi walewale wawili. Mimi septrini nimemeza tangu mtoto, sikujua kama nilikuwa namfunga mtu jiko!

Haya, turudi kwenye historia yenyewe. Dawa za sulfa zilijulikana duniani mwaka 1935, Mjerumani Gerhard Domagk alipotangaza Prontosil. Zilitibu, ila namna zinavyofanya kazi ilikuwa fumbo mpaka mwaka 1940, Mwingereza Donald Woods alipoonyesha kwamba sulfa inagombea nafasi na PABA. Pirimethamini ilitoka kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikauzwa kwa jina la Daraprim. Hawa wawili hawakubahatisha. Walikaa wakawaza: chembe inahitaji nini ili izaliane, na tunaweza kuiwekea nini kinachofanana lakini si chenyewe? Mwaka 1988 walipata tuzo ya Nobel.

Sasa hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo nikiwa maktaba. Kwa sababu pirimethamini ilipotoka tu kiwandani, moja ya sehemu za mwanzo kujaribiwa kwa watu wa kijiji kizima ilikuwa kwetu. Tanganyika. Kijiji cha Mkuzi, Muheza, mkoa wa Tanga. Daktari wa malaria wa serikali ya mkoloni, David Clyde, aliwapa wanakijiji kidonge mara moja kwa mwezi kuwakinga. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Baada ya miezi michache tu, vimelea vikaanza kuonekana kwenye damu ya watu waliokuwa wanameza dawa bila kukosa. Vilikuwa sugu. Taarifa ilichapishwa mwaka 1954. Upande wa Kenya, Makueni, ambako dawa hiyohiyo ilitolewa kwa watu wengi miaka hiyohiyo, yakatokea yaleyale.

Someni mwaka huo tena: 1954. Nyerere ndiyo kwanza anaunda TANU. Tanganyika haijapata uhuru, na tayari iko karatasini kwamba kimelea cha hapa kinaweza kumkwepa pirimethamini ndani ya miezi.

Hawakujua kinakwepaje. Hilo lilijulikana mwaka 1988, mwaka uleule wa Nobel ya Hitchings na Elion. Makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kwenye DHFR ya vimelea sugu, asidi amino ya nafasi ya 108 imebadilika. Palipokuwa na serini pamekaa asparajini. Moja tu! Ni kama fundi kabadilisha jino moja la kitasa, ufunguo wa zamani ukagoma kuingia. Na mlango kwa mwenye nyumba unafunguka kama kawaida, maana DHFR hiyo iliyobadilika bado inatengeneza foleti. Baadaye ikaonekana kwamba nafasi ya 51 na ya 59 zikibadilika pia, dawa inazidi kushindwa. Kwa DHPS nako zikajulikana nafasi zake, 437 na 540. Kimelea kikiwa na zote tano, SP kwake inakaribia kuwa chokaa.

Wataalamu walidhani kuchanganya dawa mbili kungezuia hilo. Hoja ilikuwa na mantiki: kimelea kikikwepa moja, nyingine inakimaliza. Lakini SP ina tabia ya kukaa kwenye damu wiki kadhaa ikipungua taratibu. Mgonjwa ameshapona, anang'atwa upya na mbu, vimelea vipya vinakuta dawa kidogo kidogo. Vile dhaifu vinakufa, vyenye kitasa kipya vinabaki peke yake. Hiyo ni shule ya usugu, tena ya bweni.

Mpaka hapa ningeweza kuandika kwamba usugu ulizaliwa Mkuzi ukatufikia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza hivyo. Lakini mwaka 2004 ilitoka makala kwenye jarida la Science, mtafiti wa kwanza akiwa Cally Roper, na sampuli nyingine zilitoka Tanzania. Walichukua vimelea vya Afrika vyenye DHFR ile iliyobadilika mara tatu, wakaangalia sehemu za kinasaba zinazoizunguka, kama vile unavyomjua mtu kwa ukoo wake. Ukoo haukuwa wa hapa. Ulikuwa uleule wa Kusini-Mashariki mwa Asia, kule ambako SP ilitumika tangu miaka ya 1970 na ikawa imechoka kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Yaani kimeng'enya kilichotushinda kilisafiri. Kilitoka mpaka mmoja wa watu wanaovuka kutafuta riziki, kikaishia mipaka mingine ya watu wanaovuka kutafuta riziki, ikiwemo wa kwetu. Kilibebwa na damu ya mtu, kikashushwa na mbu, kikapandishwa kwa mtu mwingine, bahari nzima ikavukwa bila muhuri wa uhamiaji. Na DHPS? Mwaka 2009 Roper na wenzake walitoa kazi nyingine ikaonyesha tofauti: usugu wa DHPS ulizaliwa humuhumu Afrika, zaidi ya mara moja, sehemu mbalimbali. Kwa hiyo ndani ya kimelea kimoja cha mtoto wa Mara kunaweza kuwa na historia mbili, moja ya mgeni wa Asia na nyingine ya mzaliwa.

Hebu sasa rudini kwenye ile miaka ya 1998 hadi 2001. Serikali mbili, kila moja na kamati yake, kila moja na tarehe yake ya kubadilisha dawa. Siwalaumu kwa kubadilisha, watoto walikuwa wanakufa. Watafiti wa nchi zetu walikuwa hata na mtandao wa pamoja wa kupima dawa, EANMAT, na takwimu zake ndizo zilisaidia klorokwini kuondolewa. Kupima tulipima pamoja. Kuamua tuliamua kila mtu kwake. Sasa kimelea kilichochujwa na SP upande wa Isebania, kwa nini kisivuke kuja Sirari kabla ya sisi hata kuanza kuitumia rasmi? Dawa yetu mpya ya mwaka 2001 ilikuwa tayari mtumba.

Huku chini kwa watu, mambo yalikuwa na sura nyingine. Wazee wanasimulia kwamba SP ilipoingia watu waliiogopa. Habari za watu kubabuka ngozi zilisambaa magazetini na mitaani. Madhara hayo ni ya kweli kwa watu wenye mzio wa sulfa, ila ni nadra. Halafu klorokwini ilikuwa inashusha homa upesi, SP haishushi, mpaka uongeze panado. Mama akiona mtoto bado anachemka kesho yake anasema dawa ni feki, anatafuta nyingine. Basi ikawa dawa ambayo watu hawaiamini huku kimelea nacho hakiiogopi.

Mtauliza, si imeshaondoka, ya nini kuhangaika nayo? Haijaondoka. Dada zangu mnaosoma hapa, na kaka zangu mtakaowapeleka wake zenu kliniki, hii ni yenu. SP bado inatolewa kwa wajawazito, kumeza mbele ya muuguzi, siyo kutibu bali kukinga. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe kila hudhurio kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, dozi zikiachana angalau mwezi mmoja. Inasaidia mtoto asizaliwe na uzito mdogo, na hilo limeonekana hata sehemu zenye usugu. Ila pale ambapo DHPS imeongeza badiliko jingine, la nafasi ya 581, kinga inapungua. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi moja ya wajawazito ambayo ilionyesha kuwa SP ilivipa nafasi vimelea sugu zaidi vikastawi. Kazi hiyo ilifanyika wapi? Muheza. Wilaya ya Mkuzi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, palepale. Na mwaka huohuo jaribio la watoto wachanga wa Korogwe na Same likaonyesha SP haiwakingi, wakati Ifakara, matokeo ya mwaka 2001, iliwahi kupunguza malaria kwa watoto wachanga kwa asilimia 59.

Kuna jingine la kliniki ambalo jamaa yangu wa famasia alinisisitizia niliandike. Mjamzito hupewa pia vidonge vya foliki asidi vya kuongeza damu. Sasa kumbukeni SP inafanya nini: inamnyima kimelea foleti. Ukimeza foliki asidi nyingi, miligramu 5, pamoja na SP, unaweza kumpelekea adui chakula kile ulichomfungia jikoni. Ndiyo maana kipimo kinachoshauriwa ni kile kidogo, miligramu 0.4 kwa siku. Na anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP juu yake. Msibadilishe dawa kwa kusoma hapa, ila muulizeni muuguzi, ni haki yenu.

Ajabu ni kwamba habari yote ya foleti ilianza na wajawazito. Mwaka 1931 daktari mwanamke wa Kiingereza, Lucy Wills, aliandika kutoka Bombay kuhusu wajawazito wenye upungufu wa damu, wengi wafanyakazi wa viwanda vya nguo, aliowaponya kwa dondoo la hamira. Kilichowaponya baadaye kikajulikana kuwa ni foleti. Tulianza kwa kumpa mama foleti, na sasa tunamkinga mama kwa kumnyima kimelea foleti.

Hoja yangu kwa mhadhiri, na kwenu, ni fupi. Tunaandika historia ya nchi kwa mipaka ya nchi, kwa sababu nyaraka ziko hivyo: wizara hii, wizara ile, mwongozo wa mwaka huu, mwongozo wa mwaka ule. Ukisoma nyaraka za Dar na za Nairobi peke yake utaona serikali mbili zinazopambana na malaria mbili. Ukikaa Sirari unaona malaria moja. Kimeng'enya kimetunza kumbukumbu ambayo hakuna karani aliyeiandika: nani alivuka, alitoka wapi, alimeza nini.

Na siyo ya kale. Mwaka 2024 Deus Ishengoma wa NIMR na wenzake walichapisha ushahidi kutoka Karagwe, Kagera, kwamba vimelea vimeanza kuchelewa kufa kwa artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto tunayoitegemea leo. Badiliko lililoonekana kule ni lilelile lililoonekana Rwanda kabla. Ni kimelea kingine cha mpakani tena. Safari hii siyo DHFR wala DHPS, ni protini nyingine kabisa, ila njia ni ileile ya miguu, boda na basi. Kagera na Mara tunatazamana ng'ambo na ng'ambo ya ziwa moja.

Mkuzi ilisema mwaka 1954, haikusikilizwa ipasavyo. Karagwe imesema. Natamani nchi zetu safari hii zikae meza moja na kalenda moja, kabla mtoto mwingine wa Sirari hajapewa dawa ambayo ng'ambo imeshachoka.

Haya, nimeandika refu kuliko essei yenyewe, he he. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Wa kliniki msisahau kuuliza, na chandarua mshushe. Alamsiki.